Fataki za siku za kawaida mitaa ya Tanga: namna ya kuzitambua, kuziandika na kuzikomesha

Mgosi wa Chuda

Wakuu, naomba tuwe na uzi mmoja wa maana kuhusu fataki zinazopigwa siku zisizo na sikukuu yoyote. Mkesha wa Mwaka Mpya, usiku wa Idi, Diwali, hata harusi iliyotangazwa mtaani, hizo watu wanajua zinakuja. Mgonjwa analazwa chumba cha ndani, mbwa anafungiwa, mtoto anaambiwa mapema. Tatizo ni Jumanne saa 7 usiku: mlio mmoja, kimya dakika 10, halafu mitatu mfululizo. Hapo hakuna aliyejiandaa, na ndiyo maana madhara yake ni mazito kuliko ya mkesha wenyewe.

Malalamiko mengi yanafia njiani kwa sababu mlalamikaji anafika ofisi ya mtaa na sentensi moja tu, "kuna watu wanapiga mabaruti kila siku". Akiulizwa wapi, saa ngapi, aina gani, hana jibu. Kwa hiyo tuanze na daftari.

Chukua kaunta buku, piga mistari: tarehe, saa na dakika, idadi ya milio, mwanga (angani, chini, au haukuonekana), upande ulikotokea, na kilichoharibika kama kipo. Saa isomwe kwenye simu inayojirekebisha yenyewe kwa mtandao. Saa ya ukutani inaweza kuachana na ya jirani kwa dakika 5, na ushahidi wenu ukagongana. Upande uandikwe kwa vitu ambavyo mtu yeyote anavijua: "kama unaelekea uwanja wa Mkwakwani", "upande wa Barabara ya 15". Nyumba tatu au nne zilizoachana ziandike kila moja daftari lake, bila kunakiliana. Mkilinganisha baada ya wiki 4, angalieni kama kuna siku na saa zinazojirudia. Polisi hawawezi kukaa mtaani mwezi mzima, lakini wanaweza kuja Ijumaa kati ya saa 5 na saa 7 usiku kama mmewaonyesha kwamba ndipo inapotokea.

Wenye ujuzi wa sauti, sheria, afya na mifugo, tafadhali mjazie.

Fundi Sauti

Mkuu Mgosi, naongezea namna ya kupata mahali, maana sikio peke yake linadanganya sana mjini.

Ngamiani nyumba zimebanana na kuta ni za tofali za saruji. Mlio unagonga ukuta wa mbele, unarudi, unakuingilia kwa dirisha la uani, na wewe unaapa umetoka uani. Usiku ni zaidi. Ardhi ikishapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepaa na kupotea inapindishwa kurudi chini. Fataki iliyopigwa kilomita 2 kutoka kwako saa 9 usiku inaweza kusikika kama iko uchochoroni. Upepo nao una sehemu yake: wakati wa kusi walio kaskazini-magharibi ya mpigaji wanaumia zaidi, wakati wa kaskazi ni walio kusini-magharibi yake. Andikeni na upepo kwenye daftari.

Ukiona mwanga, kazi inakuwa nyepesi. Hesabu muda kati ya mwanga na mlio. Kwa joto letu sauti inasafiri karibu mita 350 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 2 ni mita 700 na sekunde 3 ni kilomita 1 na kidogo. Kuhesabu kwa mdomo kunakosea nusu sekunde bila taabu, na nusu sekunde ni mita 175, yaani barabara kadhaa za Ngamiani. Bora uache simu inarekodi video ikiwa imeegemezwa dirishani. Simu nyingi zinapiga picha 30 kwa sekunde. Ukiirudisha polepole utapata tofauti ya mwanga na mlio kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na kosa linashuka hadi kama mita 35.

Umbali bila mwelekeo haujakupa nyumba. Fungua dira ya simu, simama mbali na gari, geti la chuma na nondo, zungusha simu kwa umbo la namba nane ili dira ijirekebishe, kisha soma nyuzi ukielekea pale mwanga ulipotokea. Mwenzako wa mtaa mwingine afanye hivyo hivyo kwa mlio huo huo. Chora mistari miwili kwenye ramani ya simu, zinapokatana ndipo. Chagueni watu ambao mistari yao inakatana kwa pembe pana. Mkiwa nyumba mbili za jirani mistari inakwenda karibu sambamba, na kosa dogo la nyuzi linawapeleka mtaa mwingine kabisa. Kumbukeni pia kwamba roketi inapasukia angani na upepo umeshaisogeza. Mahali iliporushiwa panaonekana kwa mkia wa cheche unaopanda, kwa hiyo video ianze kabla ya mpasuko.

Kitu kimoja naomba tuache: programu za kupima desibeli kwenye simu. Mlio wa fataki unaisha ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Kipaza sauti cha simu kinafika kikomo chake mapema, kisha programu inachukua wastani, hivyo namba inayotoka ni ndogo kuliko ukweli. Ukiipeleka ofisini unampa mpigaji utetezi. Video ibaki kuwa ushahidi wa saa na idadi.

Mama Nguvumali

Fundi, mlio wa fataki moja una nguvu kiasi gani hasa? Kila mtu anataja namba yake.

Fundi Sauti

Inategemea aina, dada, lakini hesabu ya umbali haibadiliki. Kwenye uwazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili mlio unapungua desibeli 6. Ukiongezeka mara kumi unapungua 20. Uingereza fataki zinazouzwa kwa wananchi hazitakiwi kuzidi desibeli 120, kwa kipimo cha mita 15. Chukua hiyo 120 kwa mita 15. Mita 30 ni 114, mita 60 ni 108, mita 120 ni 102. Sasa rudi nyuma uelekee kwa mpigaji: mita 1.5 ni 140.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa kelele wa 1999, liliweka kilele cha milio ya ghafla kuwa desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Kwa hiyo hata fataki inayotimiza masharti ya Uingereza inamtaka mtoto awe mita 15 au zaidi. Uchochoro wa Makorora una upana wa mita ngapi? Na hapo kuta zinarudisha sauti, haipungui kwa hesabu ya uwazini. Zile zinazouzwa bila lebo yoyote hazina kipimo cha kuaminika.

Nahodha wa Mwambao

Kabla hamjamshika mkono kijana wa watu, hakikisheni ni fataki. Tanga tuna milio mingine miwili.

Upo wa machimbo ya chokaa upande wa Pongwe na Maweni. Huo ni wa mchana, na dalili yake ni ardhi. Mtikisiko unapita kwenye mwamba kwa kasi kubwa sana kuliko sauti hewani, kwa hiyo ukiwa mbali unahisi sakafu au vioo kwanza, mlio unafuata. Fataki haitikisi sakafu kabla ya kusikika.

Upo wa uvuvi wa baruti, donda la mwambao huu kwa miaka mingi. Baruti ikilipukia chini ya maji mlio wake nchi kavu ni mzito na mfupi, kama kitu kizito kimedondoka, hauna mkwaruzo wa juu wala mwanga, na mara nyingi ni mchana kwa sababu mvuvi anawatafuta samaki kwa macho. Aliye majini akiogelea anausikia mkali na mapema zaidi, maana majini sauti inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mlio wa namna hii usiupeleke kwa mwenyekiti wa mtaa kama kero ya kelele. Ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, na linakwenda polisi, kwa afisa uvuvi wa halmashauri, kwa BMU ya ufukweni (kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za bahari), au kwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009 kama ni ndani ya eneo lake. Andika saa, upande wa bahari, na chombo ulichokiona, kama ni ngalawa, mashua au boti ya injini. Usikifuate.

Fataki za kamba zinatambulika kwa utitiri wake, milio mingi midogo isiyo na nafasi sawa. Kasha la mirija linapiga kwa mpangilio, karibu nafasi ile ile kati ya mlio na mlio, na kila mmoja unatanguliwa na mlio mdogo wa kurusha. Roketi inapiga mluzi kwanza.

Zamu ya Usiku

Niseme ya afya, na nianze na majeraha kwa sababu hapo dakika zina maana.

Kuungua: maji ya bomba yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida, dakika 20 kamili. Watu wanaacha baada ya dakika 2 maumivu yakipungua, na joto lililobaki ndani ya nyama linaendelea kuunguza. Vua pete, bangili na saa mapema kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiibandue. Dawa ya meno, yai, majivu, mafuta ya kupikia, asali, vyote hivyo visiguse kidonda. Vinafunga joto, vinaleta vijidudu, na hospitali itabidi vikwanguliwe ili daktari aone kina. Funika kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi zinazobaki, nenda kituo cha afya. Kuungua usoni, mkononi, sehemu za siri, au mtoto mdogo kuungua eneo kubwa kuliko kiganja chake, nendeni hospitali bila kusubiri asubuhi. Kwa wakazi wa mjini hiyo ni Bombo.

Jicho: likipigwa na kipande usilisugue, usilikamue, usilitie matone wala maziwa. Kama kuna kitu kimechoma ndani, usikitoe na usilioshe. Chukua kikombe cha karatasi au cha plastiki, kata kitako chake, kifunike juu ya jicho bila kuligandamiza, kibandike kwa plasta, mpeleke akiwa amekaa. Kama ni vumbi au majivu tu ya baruti na jicho halijachanika, hapo maji safi mengi yanafaa.

Sikio linalopiga mluzi, au kusikia kama limezibwa baada ya mlio wa karibu, ni dalili ya kuumia. Likiendelea hadi siku ya pili muone daktari. Usitie mafuta ya vuguvugu. Ngoma ya sikio inaweza kuwa imetoboka.

Moshi wake una chembe ndogo sana na gesi ya salfa, na kwenye vichochoro usiku usio na upepo unakaa chini. Mwenye pumu afunge madirisha ya upande ule na inhela iwe karibu na kitanda. Kwa mgonjwa wa presha au moyo, jambo la hatari ni mshtuko wa kuamshwa ghafla. Mhamishie chumba kisicho na dirisha la barabarani. Kichanga usimtie pamba masikioni, haizuii mlio wa namna hii na inaweza kubaki ndani.

Mgosi wa Chuda

Ahsante sana. Ile ya dakika 20 naomba kila mtu ainakili aipeleke kwenye kundi la mtaa wake.

Mfugaji wa Mjini

Mkoa wetu ni wa maziwa, na ng'ombe wengi wako kwenye mabanda ya ndani ya mji na pembezoni, hivyo hili si la mbwa na paka tu.

Ng'ombe anashusha maziwa kwa homoni inayotolewa akiguswa kiwele. Akishtuka, mwili unatoa homoni ya hofu, na hiyo inazuia ile ya kwanza. Unakamua yanatoka kidogo, unadhani chakula kimepungua. Fataki ikipigwa saa 10 alfajiri wakati wa kukamua, acha. Mpe pumba, msubiri dakika 20 hadi 30 atulie, mwoshe kiwele upya kwa maji ya vuguvugu, anza tena. Ukilazimisha na kuyaacha mengi ndani, siku zinazofuata mchunguze kiwele kwa uvimbe, joto na mabonge kwenye maziwa ya mwanzo. Banda likaguliwe kama lina misumari iliyochomoza au sakafu inayoteleza, maana anayeruka kwa hofu anachana chuchu au anavunjika mguu.

Kuku wanakufa kwa kulaliana. Gizani wakishtuka wanakimbilia pembe moja ya banda wanapandana, wa chini wanakosa hewa, na asubuhi unakuta 10 au 20 wamekufa bila jeraha. Ziba pembe zote nne kwa kadibodi au bati lililokunjwa ili banda lisiwe na kona kali, na acha taa moja yenye mwanga hafifu. Wa mayai wanaweza kutoa mayai ya ganda laini au yenye umbo baya siku chache baadaye; hilo litajirekebisha, usikimbilie dawa.

Mbwa asifungwe mnyororo usiku wa fataki. Anajinyonga au anakatika shingo akijaribu kukimbia. Mfungie chumbani, weka redio, usimchape. Dawa za usingizi za binadamu usimpe. Akitoroka anakuwa mbwa mwenye hofu barabarani, na mbwa mwenye hofu anauma. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo.

Wakili wa Mtaani

Naona watu wanauliza kwenye makundi kama kuna sheria. Ipo zaidi ya moja, na ugumu uko kwenye kuchagua mlango.

Kwanza ni Sheria ya Baruti ya 1963, Sura ya 45. Msingi wake ni kwamba baruti haiingizwi nchini, haihifadhiwi, haiuzwi wala haisafirishwi bila leseni au kibali. Usimamizi wake uko sekta ya madini, kwa Mkaguzi Mkuu wa Baruti, na hapa mkoani kuna ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Mlango huu ni wa muuzaji na mwenye stoo. Ukijua duka linalouza mwaka mzima, au mtu anayeweka makasha chumbani kwenye nyumba ya wapangaji, peleka huko na polisi kwa pamoja.

Pili ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 170 kinahusu kero kwa umma: kitendo kisichoruhusiwa na sheria kinacholeta madhara, hatari au usumbufu kwa umma. Adhabu yake ni kifungo hadi mwaka 1. Huu ni mlango wa mpigaji, na unapitia polisi. Kumbukeni pia kwamba Jeshi la Polisi hutangaza kila mwisho wa mwaka marufuku ya kupiga fataki bila kibali. Kama hata siku ya mkesha kibali kinatakiwa, basi mpigaji wa Jumanne ya Agosti ana kazi ya kueleza.

Tatu ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 pamoja na kanuni zake za viwango vya kelele na mitetemo za 2015, chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Hizi zinafaa zaidi kwa ukumbi au baa inayopiga fataki kila wikiendi kama sehemu ya biashara, kwa sababu mhusika ana anwani na leseni ya biashara inayoweza kuguswa.

Mwendo ni huu. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata. Ambatanisheni nakala za kurasa za daftari na mchoro wa ramani, saini za kaya zisizopungua tano, namba za simu. Chapeni nakala mbili na yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hapo ndipo watu wengi wanapozembea, na barua isiyo na muhuri haikuwahi kupokelewa. Ombeni jambo moja linalotekelezeka: mtendaji na polisi kata wamwite mhusika, au doria siku na saa mlizozionyesha. Kama kuna uharibifu au jeraha, usipitie barua kwanza. Nenda kituoni, chukua RB (namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi), na namba yake uiandike kwenye daftari mstari ule ule wa tukio. Fataki zikiendelea muda huo huo, piga 112. Paa likishika moto, 114 ya Zimamoto.

Angalizo kubwa: msimtaje mtu kwa jina wala kuweka picha ya nyumba yake kwenye kundi la WhatsApp. Kama mmekosea, mmemchafulia jina mtu asiye na hatia, na yuko huru kuwashtaki. Jina linakwenda kwenye barua, kwa anayehusika, basi.

Mama Nguvumali

Wakili, na mtaa ukitaka kujiwekea utaratibu wake?

Wakili wa Mtaani

Unaweza kukubaliana kwenye mkutano wa wakazi, ukaandikwa kwenye muhtasari, lakini huo ni makubaliano tu. Ili mtu atozwe faini lazima iwe sheria ndogo ya halmashauri: pendekezo linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, baraza la madiwani, kisha waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Ni safari ndefu, ila pendekezo lililoandikwa vizuri linafika.

Liwe na tarehe zinazotajwa. Kwa Idi el-Fitr msiandike tarehe, andikeni "usiku wa mwezi kuandama na usiku unaofuata", la sivyo mwezi ukichelewa siku moja sheria yenu imewakosesha waungwana. Diwali nayo inahama kati ya Oktoba na Novemba, itajwe kwa jina. Kikomo kiwe saa, kwa mfano saa 6 usiku. Uingereza marufuku ni kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, ikisogezwa hadi saa 7 usiku kwa Mwaka Mpya, Diwali na Mwaka Mpya wa Kichina. Wamefanya hivyo tangu kanuni zao za 2004, na mfano huo unaweza kupimwa kwa mazingira yetu. Harusi itoe taarifa ya maandishi siku 7 kabla, yenye saa, mahali, na jina la mtu mzima anayewajibika. Maeneo yanayozunguka Bombo na vituo vya afya yaondolewe kabisa, sikukuu au si sikukuu.

Mrusha Fashifashi

Nizungumzie zinakotoka na kwa nini zinaharibika, maana hapa watu wanapoteza vidole.

Moja ya sababu za kusikia fataki nje ya msimu ni mzigo uliobaki. Usipouzika Mwaka Mpya, unashushwa bei na kuuzwa rejareja. Zimekaa miezi kwenye stoo ya mwambao, na unyevu wa Tanga unaingia kwenye karatasi na baruti. Utambi ukishanyonya unyevu unawaka kwa kusuasua, unaonekana umezimika, mtu anasogea kuangalia, ndipo inapolipuka. Fataki iliyokataa haiwashwi tena. Usiisogelee dakika 20, ukienda usiiinamie, imwagie ndoo nzima ya maji ukiwa kando.

Kasha la mirija likiwekwa juu ya mchanga au kokoto linayumba kila mrija unaporusha, na kuanzia katikati linaweza kulala na kupiga mlalo kwenye miguu ya watu. Roketi kwenye chupa ya soda inaangusha chupa. Ikiwa inawaka roketi huelekea upepo unakotoka, na ikizimika mabaki yanarudi na upepo. Mtu anayelenga baharini usiku wa upepo anashangaa kijiti kinadondoka kwenye makuti nyuma yake. Makuti makavu hayahitaji zaidi ya cheche moja. Vile vijiti vya cheche ambavyo watu wanawapa watoto wa miaka 3 vinazidi nyuzi 1,000 za joto. Nguo ya nailoni inayeyukia ngozini.

Za kienyeji ni hatari zaidi. Watoto wanaokota spoki za baiskeli na viberiti, na baiskeli zilivyo nyingi mjini kwetu vipuri havikosekani. Kile chuma kinapopasuka kinaruka kama risasi na hakina mwelekeo. Ukikuta kiberiti kimechunwa vichwa, au spoki zimekatwa, zungumza na mtoto siku hiyo hiyo. Kuzungusha stili waya inayowaka nako kunatawanya vipande vya chuma chekundu hadi mita kadhaa, vikifika kwenye nguo zilizoanikwa au paa la makuti mmepoteza nyumba.

Kwa wenye maduka: waendeeni kama kundi, mchana, kwa heshima. Waombeni mambo mawili, wasimuuzie mtoto na wasiuze nje ya sikukuu. Angalieni zimewekwa wapi. Fataki kwenye rafu moja na mafuta ya taa, mitungi ya gesi au viberiti ni jambo la kuripoti Zimamoto bila kusubiri kero ya kelele.

Mama Nguvumali

Na zile ambazo mtu amekuwa nazo nyumbani anataka kuziondoa?

Mrusha Fashifashi

Chache za nyumbani: ndoo ya maji nje ya nyumba, zizamishe zote kabisa, weka jiwe juu zisielee, ziache usiku kucha. Asubuhi ziwe zimelainika hadi katikati; zile nene zenye mrija mgumu ziache siku mbili. Usizipasue ili maji yaingie haraka. Kisha zifunge zikiwa bado mbichi kwenye mfuko wa plastiki na zimfikie mzoa taka akiambiwa ni nini, kwa sababu jalala likichomwa zikiwa zimekauka zitapiga. Usizifukie, watoto huzifukua, wala usizitupe kisimani au mtoni. Maji ya ndoo yana chumvi za baruti, yamwage mbali na bustani ya mboga na mbali na mahali mifugo inapokunywa.

Kasha zima ambalo halijafunguliwa, au mzigo mkubwa ulioachwa na mpangaji, usiuguse wala kuusafirisha kwa bodaboda. Funga chumba, toa watu, piga 112 na ueleze ni makasha mangapi na yako karibu na nini.

Mgosi wa Chuda

Nimeunganisha post zote kwenye faili moja la kurasa chache. Wa Makorora, Mabawa na Msambweni waliokwisha anza daftari, wekeni hapa siku na saa tu, bila majina ya watu, ili Fundi Sauti atusaidie kuona kama ni chanzo kimoja au vingi.